Wastani wa uzito unashuka lakini kila mtoto njiti anaongezeka: grafu yangu ina shida gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma masters ya data, nimepewa rekodi za watoto njiti waliolazwa wodi moja ya watoto wachanga mahututi: uzito wa kila siku, mapigo ya moyo na oksijeni kutoka kwenye monita, pamoja na majibu ya vipimo vya maendeleo walivyofanyiwa baadae wakiwa na miaka 2. Nimechora wastani wa uzito kwa siku tangu kuzaliwa, mstari unapanda vizuri halafu kwenye wiki ya nane unaanza kushuka. Manesi wanasema hamna kitu kama hicho, watoto walikuwa wanaongezeka. Nimerudia hesabu mara tatu na sioni kosa. Nimekosea wapi, na nichore vipi ili madaktari waone kitu cha maana?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Manesi wako sahihi na hesabu yako nayo iko sahihi, shida iko kwenye picha yenyewe. Fikiria nani yuko wodini siku ya 60. Aliyezaliwa na wiki 34 za mimba alisharuhusiwa zamani, wa wiki 29 na 30 nao wameanza kuondoka wakiwa wameshanenepa, wanaobaki ni wale wa wiki 24, 25, wadogo kuliko wote, na waliopata matatizo. Kwa hiyo kila siku unapiga wastani wa kundi tofauti na la jana, wazito wanatoka wepesi wanabaki, na mstari unaweza kushuka hata kama hakuna mtoto hata mmoja aliyepungua gramu moja. Wengine pia hawakuruhusiwa, walifariki, na hao kwenye faili lako wanaonekana sawasawa na walioenda nyumbani, yaani data imekatika tu. Watenganishe hao kabla ya kitu kingine chochote, mtoto aliyefariki asigeuke kuwa nafasi tupu kwenye jedwali.

Dawa ya haraka ni hii: futa mstari wa wastani, chora mstari wa kila mtoto peke yake kwa rangi hafifu, mwisho wa kila mstari weka alama inayosema aliruhusiwa, alihamishwa au alifariki, na chini ya grafu weka ukanda mwembamba unaoonyesha wamebaki watoto wangapi kila siku. Ukiuona ule ukanda unavyokonda kuelekea kulia hutahitaji kumweleza mtu kwa nini wastani ulikudanganya.

Lakini kuna kosa la chini zaidi ya hilo na ndilo nataka ulishike, saa uliyotumia. Umehesabu siku tangu kuzaliwa. Kwa mtoto aliyetimiza miezi haina neno sana, kwa njiti inavuruga kila kitu. Njiti ni yeyote aliyezaliwa kabla ya wiki 37 kutimia, ila ndani ya jina hilo moja kuna wa chini ya wiki 28, wa 28 mpaka kabla ya 32, na wa 32 mpaka kabla ya 37, na hawa ni watu watatu tofauti kabisa. Chukua wawili wenye siku 21 za kuzaliwa, mmoja alizaliwa wiki ya 24 mwingine ya 33. Kwenye grafu yako wamesimama sehemu moja. Kiukweli wa kwanza ana mwili na ubongo wa wiki 27, wa pili wa wiki 36, na kupumua, kunyonya, usingizi, mapigo ya moyo, vyote vinafuata zaidi saa ya pili, ya wiki za mimba. Kwa hiyo mhimili wa chini uwe umri wa mimba alipozaliwa ukijumlisha na wiki alizoishi nje.

Usiitupe saa ya kwanza hata hivyo. Kuna mambo yanafuata siku ya kuzaliwa, mfano siku za mwanzo uzito unashuka kwa sababu maji yanapungua mwilini, na hilo linaanzia siku aliyotoka tumboni iwe wiki ya 26 au ya 35. Mimi huwa naweka grafu mbili kando kwa kando, watoto walewale, saa mbili tofauti, ukigusa mstari wa mtoto upande mmoja unawaka na upande wa pili. Ni kitu kidogo kukiprogramu lakini ndio kinachofanya madaktari waanze kuongea wenyewe mbele ya skrini.

Saa hiyohiyo inakufuata mpaka kwenye vipimo vya miaka 2. Aliyezaliwa wiki ya 28 aliwahi kwa wiki 12 kabla ya 40 za mimba kamili, akifika miezi 24 ya kalenda umri wake uliorekebishwa ni miezi 21 na kidogo tu. Kipimo cha maendeleo ya mtoto kama Bayley kimetengenezwa wastani uwe 100 na mkengeuko sanifu (kiasi alama zinavyotawanyika) 15, ila alama inategemea umri uliompa mtoto, ukimhesabia miezi 24 utamshusha bila kosa lake. Uliza walitumia umri upi, na kama walibadilisha katikati ya miaka ya rekodi zako utaona mruko wa ghafla kama ngazi kwenye data ambayo haihusiani na mtoto yeyote.

Uzito wenyewe usiuache kwenye gramu, ugeuze kuwa alama z, yaani mtoto yuko mbali kiasi gani na wenzake wa umri huo na jinsia hiyo. Hapo utakutana na mikondo miwili mikubwa ya kulinganishia ukuaji, ya Fenton ya 2013 na ya INTERGROWTH-21st ya ukuaji wa njiti iliyotoka 2015. Ile ya kwanza imejengwa na vipimo vya watoto siku waliyozaliwa, kila wiki ya mimba, kisha ikaunganishwa na viwango vya WHO vya 2006, kwa hiyo inamlinganisha njiti na mwenzake ambaye angekuwa bado tumboni. Ya pili iliwafuata njiti wenyewe baada ya kuzaliwa. Mtoto yuleyule anaweza kuonekana amebaki nyuma kwenye moja na yuko vizuri kwenye nyingine. Chagua moja, iandike wazi juu ya grafu, usichanganye.

Sasa monita. Naona watu wengi wanachukua wastani wa kila dakika ili faili liwe dogo, na mimi siwezi kukaa kimya kwa hilo. Apnea ya njiti kwa kawaida inahesabiwa pumzi ikisimama sekunde 20 au zaidi, au pungufu ya hapo kama moyo umepunguza mwendo au oksijeni imeshuka. Tukio zima linaanza na kuisha ndani ya dakika moja, ukipiga wastani umelifuta. Na mtoto mwenye wastani wa oksijeni ya damu wa asilimia 91 anaweza kuwa ametulia kwenye 91, au anayumba kutwa nzima kati ya 80 na 99, namba moja maisha mawili. Mwanatakwimu Francis Anscombe alishaonyesha mwaka 1973 kwa seti nne za data zenye wastani uleule na picha nne zisizofanana hata kidogo. Na hizo asilimia chache sio mchezo, jaribio la SUPPORT la 2010 kwa watoto njiti lililinganisha kulenga oksijeni ya asilimia 85 mpaka 89 na kulenga 91 mpaka 95, kundi la chini walipata ugonjwa mkali wa retina mara chache zaidi, ila vifo vilikuwa 19.9% dhidi ya 16.2%. Kwa hiyo onyesha muda mtoto aliokaa kwenye kila kiwango, sio wastani. Uliza pia kifaa cha oksijeni kilisetiwa kulainisha kwa sekunde ngapi, kwa sababu kikilainisha sana mishuko mifupi inapotea kabla hata data haijakufikia.

Sehemu ambazo namba hazipo usizijaze kwa mstari ulionyooka. Tulishawahi kufanya hivyo kwenye kazi moja, nesi akaangalia skrini akasema hapo ndio tulimtoa tukamweka kifuani kwa mama, waya ulichomoka. Yaani tulichora utulivu wa uongo juu ya tukio la kweli. Acha pengo lionekane.

Na kama bado kuna mtu anakwambia kuchora ni mapambo, mweleze kuhusu kazi ya Randall Moorman na Pamela Griffin wa Chuo Kikuu cha Virginia. Waliona kwamba kabla ya maambukizi ya damu kujionyesha, mapigo ya njiti yanapoteza mabadiliko yake ya kawaida na yanakuwa na mishuko ya ghafla, wakatengeneza alama moja ya hatari. Jaribio lao la 2011 lilikuwa na watoto 3003 wenye uzito mdogo sana. Wote walipimwa, tofauti ilikuwa kwamba kwa nusu yao alama ilionyeshwa kwa madaktari na kwa nusu ilifichwa, na hakuna aliyelazimishwa afanye nini akiiona. Vifo vilikuwa 10.2% pale ilipofichwa na 8.1% pale ilipoonyeshwa. Hesabu ni ileile, kilichobadilika ni kuonekana.

Ukitaka kujizoeza bila kugusa rekodi za siri, kwenye PhysioNet, tovuti ya data za kitabibu zilizo wazi, kuna seti ya mawimbi ya moyo na pumzi ya njiti 10, inatosha kabisa kuchezea mambo ya monita.

Anza na ile grafu ya mistari ya kila mtoto kwenye saa ya wiki za mimba, iprinti kubwa, nenda nayo kwa wale manesi waliokukatalia na kalamu nyekundu, waambie wazungushie chochote kisichowaingia akilini. Kisha niandikie walizungushia wapi.