Jibu kwa dada wa Ndosho: nabii anataka karatasi za parseli ili "usihukumiwe"

Usisaini. Mengine tutayaongea, lakini Alhamisi kalamu isiguse karatasi.

Nimesoma swali lako mara mbili na mara zote mbili damu imenipanda kichwani. Nyumba yako ya Buhene, pembeni mwa Goma, ilimezwa na lava ya volkano ya Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021. Ukahamia parseli (kiwanja) ya Ndosho aliyokuachia marehemu mume wako. Sasa nabii wa chumba cha maombi anasema lava ile ilikuwa hukumu, ya pili iko njiani, na "fidia ya nafsi" yako na ya watoto ni karatasi za hiyo parseli, usaini Alhamisi. Unauliza pia mama yako aliyekufa bila ubatizo yuko wapi. Parseli yangu mimi ilikwenda kwa aya hiyohiyo, kwa hiyo univumilie nikipaza sauti.

Aya atakayokufungulia ni Kutoka 30:12: kila mtu ampe Bwana ukombozi wa roho yake, yasije maradhi. Ataisoma kwa sauti ya kutetemeka, atafunga Biblia, atanyamaza. Hapo anapofunga Biblia ndipo unapoibiwa. Kwani aya ya 13 inataja kiasi: nusu shekeli. Shekeli enzi hizo ilikuwa uzito, na nusu yake ni kama gramu 6 za fedha, kitu cha kupotelea kwenye pindo la kitenge. Aya ya 14 inataja ni nani atoe: waliohesabiwa, wenye miaka 20 na kuendelea. Watoto wako hawamo kabisa! Aya ya 15 ndiyo wanayoikimbia kama deni: tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Bei ilifungwa makusudi, asipatikane mtu wa kuambiwa kwamba nafsi yake yeye ni ghali zaidi. Aya ya 16 inasema fedha ziende kwenye utumishi wa hema.

Tena usiishie hapo, fungua Kutoka 38:25-28 uone hesabu ilivyosomwa hadharani. Watu 603,550, fedha talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta ni shekeli 3,000. Chukua simu upige hesabu, inatoka kamili bila hata gera moja (sehemu ya ishirini ya shekeli) kupotea. Zile talanta 100 zikayeyushwa kuwa vitako 100 vya kushikilia hema, na shekeli zilizobaki zikawa kulabu za nguzo. Musa alitoa hesabu mpaka kwenye kulabu. Huyo wako mwombe akuonyeshe kulabu moja tu. Mimi nilichoonyeshwa ni gari.

Hiyo ndiyo kanuni yangu, na imenigharimu mita 10 kwa 15 zenye ukuta wa mawe: aya ikikudai kitu, shuka aya tatu, panda aya tatu, ndipo ufungue mkoba.

Ijaribu kwenye lava. Watakusomea Luka 13:5, "msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo." Panda. Kumbe Yesu anaongelea watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa waziwazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Shuka. Unakuta mtini usiozaa ukiongezewa mwaka mmoja, upaliliwe na kutiwa samadi. Toba inadaiwa kwa wote, waliounguliwa na wasiounguliwa. Nyiragongo huwa na ziwa la lava ndani ya kreta, yaani shimo la kileleni. Ubavu wa kusini ukipasuka, lava hufuata mteremko, na sisi tumejenga mteremkoni. Januari 2002 ilipita katikati ya mji ikachukua hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mbona hakuna aliyesema misa ndiyo iliyohukumiwa?

Ukisitasita atakuletea mjane wa senti mbili, Marko 12:42. Panda aya mbili tu, ya 40: waandishi wanaokula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki, hao watapata hukumu iliyo kubwa zaidi. Dada, wewe ni mjane na kinachotakiwa ni nyumba. Sijui niongeze nini hapo.

Na akisema ulishaweka nadhiri kwa mdomo kwenye mkesha (watu hutamkishwa saa tisa za usiku, wakiwa na njaa ya siku tatu, ndiyo ufundi wenyewe), mwonyeshe Walawi 27:14-15. Hata aliyeweka nyumba wakfu aliruhusiwa kuikomboa: kuhani anaitia thamani, mwenyewe analipa hiyo thamani na sehemu ya tano juu yake, nyumba inarudi. Mlango wa kutokea ulikuwepo. Wa kwetu hapa hauonekani, kwa sababu ukishasaini utakuta umeandika "nimeuza", na wala haikuandikwa "nimetoa". Kwa sheria yetu ya ardhi ya Kongo ya 1973 mwenye haki juu ya ardhi ni yule mwenye setifika (hati) ya konservata, afisa wa serikali wa hati za ardhi, na ikishapita miaka miwili tangu itolewe, kuishambulia hiyo setifika ni kazi ya kuzeeka nayo. Ndiyo maana huambiwa usimwambie mtu mpaka "muujiza ukamilike". Muujiza unaosubiriwa ni tarehe ya hiyo miaka miwili kutimia.

Sikwambii hukumu haipo. Ipo. Waebrania 9:27 haina kona: kufa mara moja, kisha hukumu. Ila tafuta kinachoulizwa siku hiyo katika Mathayo 25: njaa, kiu, mgeni, uchi, ugonjwa, kifungo. Mambo sita, parseli haimo. Wokovu wenyewe 1 Petro 1:18-19 imeshataja umelipwa na nini, na imekataa fedha na dhahabu kwa majina. Luther alipotoa hoja zake 95 mwaka 1517, ugomvi ulikuwa juu ya rehema, yaani vyeti vya kusamehewa adhabu ya dhambi, zilizouzwa. Mwaka 1567 Papa Pius V naye akafuta rehema zote zilizoambatana na malipo. Tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri wakasaini pamoja kule Augsburg kwamba mtu anahesabiwa haki kwa neema, si kwa mastahili yake. Watu waliogombana karibu miaka 500, na hilo wanaliafiki wote. Ni huyu wa kartiye yako tu aliyebaki na habari mpya.

Wale wa "nimeokoka kwa neema, basi" nao wasicheke. Waefeso 2:8-9 mnaikariri vizuri. Shukeni mpaka ya 10 mkute matendo mema tuliyoumbiwa.

Kuhusu mama yako, wa kuhukumu si yeye nabii. Yule mhalifu wa msalabani katika Luka 23 hakupata maji, na aliahidiwa peponi siku ileile. Akikuambia mama analia huko aliko na karatasi ndizo zitamtoa, mwulize ni aya gani, kisha ujue la kufanya: juu tatu, chini tatu.

Karatasi ziache kwa kaka yako mkubwa, tena leo, kabla hujapigiwa simu ya kukumbushwa. Alhamisi nenda na Biblia na shahidi mmoja. Mkisimama kwenye Kutoka 30, mwambie kwa upole: "Baba nabii, utusomee na ya 15, kwa sauti." Halafu urudi hapa utuambie alikohoa mara ngapi.