Jibu: Maana ya 6-17 katika fainali ya vijana wa Ireland

Umeuliza inawezekanaje fainali ya vijana ya kandanda ya Kigaeli (mchezo wa asili wa Ireland, ambamo mpira huchezwa kwa miguu na mikono) ya mwaka 2017, kati ya timu za kaunti za Kerry na Derry, imalizike kwa matokeo ya Kerry 6-17, Derry 1-8. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya mabao, na kila bao lina thamani ya pointi 3. Ya pili ni mipira iliyopita juu ya mtambaa wa panya, katikati ya milingoti, ambayo kila mmoja huhesabiwa pointi 1. Kwa hiyo Kerry walipata 35 na Derry 11.

Msimu wa mashindano hayo huanzia katika majimbo manne, Munster, Leinster, Connacht na Ulster, ambako vijana huchezea kaunti zao, kisha timu zinazosalia hukutana katika ngazi ya Ireland nzima. Fainali ya mwaka ule ilichezwa Croke Park, Dublin, kabla ya fainali ya wakubwa, na nahodha wa Kerry, David Clifford, alifunga mabao 4 na pointi 4 peke yake, kiwango ambacho kwangu mimi ni cha kustaajabisha kwa kijana wa umri ule. Kerry walikuwa wanatwaa taji hilo kwa mara ya nne mfululizo, na mwaka 2018 wakaongeza la tano. Zingatia tu, unapolinganisha misimu, kwamba hadi 2017 mashindano yalikuwa ya vijana wa chini ya miaka 18, na tangu 2018 ni ya chini ya miaka 17.