Ukichaguliwa mzee wa kanisa, usisubiri mengineyo

Dada zangu wanaochaguliwa kuingia baraza la wazee huniuliza waanzie wapi. Nawaambia: anzieni kwenye ajenda.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Kanisa letu liliridhia wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji mwaka 1990, wa kwanza wakabarikiwa mwaka uliofuata, ingawa kila dayosisi ilianza kwa wakati wake. Kwa majirani zetu Kenya, Waanglikana wa Butere wanaongozwa na Askofu Rose Okeno tangu 2021. Kwa hiyo mama mwenye kola ya kichungaji si ajabu tena. Kwenye vikao ndiko kazi bado ipo.

Hoja za wanawake huwekwa kwenye mengineyo, mwisho kabisa wa ajenda. Mkifika hapo jua limezama, huyu anapapasa funguo za pikipiki, yule ameshasimama akingoja sala ya kufunga. Unaomba choo cha akina mama kitengenezwe, unajibiwa, "Tutaliangalia." Haliandikwi kwenye muhtasari, basi kikao kijacho halimo hata kwenye yatokanayo. Limekufa hivyo, wala hakuna aliyelikataa.

Andika hoja yako, mpe katibu wiki nzima kabla ya kikao, umwombe aipe namba yake. Tafuta mapema wa kukuunga mkono, na mmoja wao awe baba. Kabla ya sala, omba azimio lisomwe kwa sauti.

Utapangiwa kamati ya chakula. Ikubali ukipenda, mimi pilau ya kipaimara siwaachii wengine. Ila omba na kamati ya fedha, au ya ujenzi. Akina mama ndio wanaobeba ndizi, mahindi na kuku kwenye mnada wa kanisa baada ya ibada, na mara nyingi ni wao wao wanaovinunua kwa bei ya juu. Pesa hiyo ikishahesabiwa, matumizi yake yanapangwa na watu wanne ofisini. Uwe mmoja wao.

Ukatibu nao ufikirie vizuri. Anayeandika hapati nafasi ya kusema, lakini ndiye anayeandaa ajenda pamoja na mchungaji. Mimi ningeuchukua.

Kuna siku mtu atafungua Timotheo wa Kwanza sura ya pili, pale panapomkataza mwanamke kufundisha. Mtajie Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea, mtajie Prisila aliyemfundisha Apolo pamoja na mumewe, kisha rudi kwenye choo. Choo hakihitaji mjadala wa theolojia.

Na usidhani upinzani wote utatoka kwa akina baba. Walionibana zaidi mimi walikuwa akina mama wa rika la mama yangu, walioshika kikundi cha wanawake tangu sijaolewa. Hao usikutane nao kwanza kikaoni. Nenda nyumbani kwao, piga hodi, ueleze jambo lako polepole, uwaulize wao wangelifanyaje. Kilo ya sukari mkononi haidhuru.