Jiwe la mwezini linatambuliwaje?
Ndugu, umeuliza watu wanajuaje kwamba kimondo, yaani jiwe lililoanguka kutoka angani, kimetoka mwezini. Jibu liko maabara: madini yake, uwiano wa chuma na manganizi, na isotopu za oksijeni (atomi zake zenye uzito tofauti) hulinganishwa na mawe yaliyoletwa na safari za Apollo za Wamarekani kwenda mwezini kati ya 1969 na 1972. Cha kwanza kutambuliwa, ALHA81005, kiliokotwa Antaktika mwaka 1982, na kina gramu 31 tu! Vingine vingi vimepatikana Sahara na Dhofar, Oman. Ukikata kimondo cha mwezini, mara nyingi utaona vipande vyeupe vyeupe vilivyoshikana kama kokoto ndani ya zege la kijivu. Ila usinunue kwa macho tu. Muulize muuzaji jina rasmi la kimondo, kisha ulitafute kwenye orodha ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo. Akikosa jina, achana naye.