Tawi la majaribio lijengwe upya kila siku

Mwalimu, salaam aleikum. Tuko watatu Langoni, Lamu, tunaunda programu ya kuagiza boti za Shela na Manda. Tunatumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Kila mmoja ana tawi lake, yaani mkondo wake wa kazi, na tuna tawi moja la pamoja la majaribio ambalo kila mmoja hulivuta kwenye tawi lake. Sasa historia ya main, tawi kuu, imevurugika, hatujui nani alibadilisha nini. Tumekosea wapi?

Aleikum salaam. Mlipoteleza ni pale mlipolirudisha tawi la majaribio ndani ya matawi yenu. Humo mnachanganya kazi za wote, zilizoiva na zisizoiva. Ukilivuta kwenye tawi lako la ramani, umebeba na malipo ya mwenzio ambayo hata yeye hajayamaliza, na siku ramani inapoingia main, malipo hayo mabovu yanaingia nayo.

Kila tawi la kazi lianzie main. Mkitaka kujaribu pamoja, andikeni `git switch -C majaribio main`: majaribio ya jana yanaachwa, mapya yanaanzia pale main ilipo. Kisha unganisheni tawi la ramani, halafu la nauli, halafu la malipo, moja baada ya jingine, ili pakitokea mgongano, yaani wawili wamebadilisha mistari ile ile, mjue nani kagongana na nani. Kazi iliyofaulu iingie main kutoka tawi lake yenyewe, kamwe si kutoka majaribio. Waundaji wa Git wenyewe hufanya hivi: wana tawi liitwalo `seen`, linalojengwa upya mara kwa mara kutoka matawi ya kazi, wala hakuna anayetarajiwa kuanzisha kazi juu yake.

Lakini kila tukijenga upya nasuluhisha mgongano ule ule. Nimechoka.

Pole. Andika `git config rerere.enabled true`. Git itakumbuka ulivyosuluhisha na kurudia yenyewe. Kagua faili kabla ya kulikubali.

Kaka, niko Malindi. Tawi langu lina komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa, kila moja na ujumbe wake) 17 zilizoandikwa "jaribu tena". Nikizisafisha, si nitakuwa naghushi historia?

Safisha, ndugu yangu. Jioni moja gatini Lamu nahodha alinionyesha simu yake: abiria mmoja, safari moja ya Shela, nauli imekatwa mara mbili. Tangu toleo lililokuwa sawa kulikuwa na komiti kama 60. `git bisect` hutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, na jaribio la sita likanifikisha kwenye kosa: mistari minne, na ujumbe unaosema wazi "tuma tena ombi la malipo mtandao ukikatika". Ombi la kwanza lilikuwa limeshapokelewa. Lau komiti zile zingekuwa za "jaribu tena", nusu yake hata programu haiwaki, ningekesha pale gatini.

Basi marekebisho madogo yaandike kwa `git commit --fixup` ukitaja komiti inayorekebishwa, kisha `git rebase -i --autosquash main` iyaweke mahali pake. Fanya hivyo kabla mwenzio hajajenga juu ya tawi lako. Akishajenga, zungumza naye kwanza. Na unapolipandisha tena kwenye seva tumia `--force-with-lease`, ambayo hukataa ikikuta mtu amepandisha kitu usichokuwa nacho. Ukipoteza komiti usihamaki: `git reflog` huzikumbuka, kwa kawaida siku 30 hata zile zisizoshikwa tena na tawi lolote.

Tayari mwenzetu ameunganisha tawi bovu kwenye main na kila mtu ameshalishusha. Tuufute muungano huo?

Msiufute, maana utarudi kutoka kwenye kompyuta za wenzenu. Tumieni `git revert -m 1` na namba ya komiti ile ya muungano: inaongeza komiti mpya inayotangua mabadiliko yake. Hapa wengi hunaswa: mkishalirekebisha tawi lile na kuliunganisha tena, kazi ya zamani haitarudi, kwa kuwa Git inaona imeshaingia. Itabidi kwanza mtangue ule utanguzi wenyewe, yaani `git revert` ya ile komiti ya revert, ndipo muunganishe.