Peni 88 kwa mali ya peni 100
Dada, umeuliza kama ununue hisa za mfuko wa kampuni ndogo za Uingereza kwenye soko la London, kwa kuwa hisa ya peni 88 ina mali ya peni 100 nyuma yake. Usikimbilie. Huu si kama vipande vya UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania), ambavyo ukitaka kutoka unawauzia wao wenyewe. Hapa lazima apatikane mnunuzi sokoni. Watu wakiingiwa na hofu, 88 inageuka 75 hata kama mali imeshuka kidogo tu. Uzuri wake, watu wakitoka meneja wa mfuko halazimiki kuuza hisa za vikampuni visivyo na wanunuzi. Angalia kwanza mfuko umekopa kiasi gani (mikopo hiyo huuma mali ikishuka, maana hasara inakuwa kubwa zaidi), na kumbuka ushuru wa stempu, 0.5% ukinunua. Ada ya watoto ya mwakani usiiweke humo.