Jibu: Ditekta juu ya farasi, nyika za Nevada

Ndugu yangu, umeuliza ubebe vipi ditekta, kile kifaa kinacholia kikigundua chuma au madini ardhini, juu ya farasi huko Nevada, Marekani, na kwa nini inalia ovyo kila ukishuka kutafuta.

Hilo la kulia ovyo, tazama kwato za farasi wako. Amevishwa vyuma na misumari, na ditekta inavisikia. Mfunge mbali kabisa na unapopapekua, usimshike hatamu huku unatafuta. Koleo la kuchimbia nalo liweke kando.

Kubeba: fungua fimbo ya ditekta vipande vipande, ile sahani ya chini inayohisi chuma izungushie blanketi, funga nyuma ya tandiko. Upande wa pili weka maji yenye uzito uleule. Kisining'inie kitu! Farasi huvumilia mzigo, lakini kinachomgonga ubavuni humtia hofu, na huko milimani ukianguka hakuna wa kukuokota. Kabla ya safari, washa ditekta karibu na zizi akiwa anakula, siku kadhaa mpaka auzoee mlio.

Maji ndiyo yanayoamua njia. Farasi hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na jangwani zaidi, kwa hiyo piga kambi penye chemchemi.

Sheria pia izingatie. Tangu 1979, mabaki ya kale yenye zaidi ya miaka 100 kwenye ardhi ya serikali kuu hayachimbwi bila kibali, na ndani ya hifadhi za taifa ditekta hairuhusiwi kutumika. Viwanja vya wachimbaji wengine usiviguse bila ruhusa yao.

Na kila shimo ulifukie palepale, maana farasi akitumbukiza mguu anavunjika.